Hodi ya Mpiga Picha wa Ridhaa

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kwa juujuu laonekana dogo, nalo ni namna mpiga picha wa ridhaa anavyojitambulisha kwa wapiga picha wenzake siku ya kwanza anapojiunga nao. Mpiga picha wa ridhaa ni mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake mwenyewe, bila kuitegemea kamera kwa riziki. Neno ridhaa, ambalo wapenzi wa michezo wamelizoea kupitia ngumi za ridhaa, ni ndugu wa neno radhi, na linabeba maana ya kufanya jambo kwa moyo mkunjufu pasipo kungojea malipo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwalimu, muuguzi, fundi wa magari au mwanafunzi wa chuo, ambaye huishika kamera jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kujitambulisha kwake si adabu ya mlangoni tu, bali ni sehemu ya sanaa yenyewe, kwa sababu anayeweza kueleza amesimama wapi, anatazama nini na anataka kujifunza nini, tayari ameanza kazi ambayo hakuna kamera itakayomfanyia.

Mahali panapochukuliwa kuwa mfano ni mtaa wa Pioneer, katika upande wa kusini wa Eldoret, jirani na Langas. Eldoret ilianzia kwenye posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, na kwa sababu hiyo wenyeji wakauita mji huo Sisibo, wakilitamka neno la Kiingereza la sitini na nne kwa lafudhi yao. Tarehe 15 Agosti 2024 mji huo ulipandishwa hadhi ukawa jiji la tano la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Picha za eneo hili zinazosafiri mbali ulimwenguni aghalabu ni za wanariadha, na hilo ni haki yao, kwa kuwa ndio walioipeleka bendera ya nchi kila pembe ya dunia. Hata hivyo, maisha ya mtaa wa makazi kama Pioneer, pamoja na mabati yake yanayometa baada ya mvua, bodaboda zinazosubiri abiria na nguo zilizoanikwa uani, hayana mpiga picha wa kuajiriwa, na yakihifadhiwa yatahifadhiwa na mtu wa ridhaa aishiye humo humo.

Uhusiano wa picha na kujitambulisha ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1854, mjini Paris, Mfaransa André Adolphe Eugène Disdéri alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa njia yake ya kutengeneza picha ndogo zilizobandikwa juu ya kadi ngumu, zenye ukubwa wa zile kadi ambazo watu wa zama hizo waliziacha mlangoni walipokwenda kutembeleana. Kwa hiyo miongoni mwa sura za kwanza za picha kuenea kwa watu wengi, mojawapo ilikuwa ni sura ya hodi: mtu aliitanguliza picha yake ndipo aingie mwenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, studio za Zanzibar zilizoendeshwa na Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa huko India, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, zilichapa majina yao kwenye kadi na postikadi walizouza, hivi kwamba hata leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtu anayeishika postikadi ya zamani ya Mji Mkongwe anaweza kusoma jina la aliyeipiga. Mpiga picha wa biashara, kwa ufupi, alikuwa na muhuri wake. Mpiga picha wa ridhaa hakuwa nao, na kazi yake ikabaki kutegemea kama kuna mtu anayemjua.

Hapa ndipo msemo wa wahenga usemao kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza unapohitaji kupimwa upya. Wako wanaoutumia msemo huo kuwa sababu ya kunyamaza, wakisema kwamba picha nzuri itajisemea yenyewe na kwamba anayejieleza anajipigia debe. Historia haiwaungi mkono. Katika Ankole, magharibi ya Uganda, mwalimu aliyeitwa Musa Katuramu aliwapiga picha watu wa eneo lake katika miaka ya ukoloni, wakiwa katika mavazi na mikao yao, na negativu zake, yaani zile filamu ambazo weupe huonekana mweusi na weusi ukaonekana mweupe, zilitunzwa na mwanawe baada yake. Umma mpana ulizifahamu kupitia mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon kwa ajili ya kukusanya na kuonyesha picha za zamani za nchi hiyo. Picha zake zilikuwa nzuri siku zote zilipokuwa zimehifadhiwa nyumbani, lakini uzuri huo haukuzitembeza. Zilitembezwa na watu waliojua zimetoka wapi na zimepigwa na nani.

Mfano wa Marekani una uchungu zaidi. Vivian Maier alifanya kazi ya kulea watoto wa watu mjini Chicago kwa takriban miaka 40, na muda wote huo alizunguka mitaani akipiga picha ambazo karibu hakuna aliyezitazama. Alikusanya negativu zaidi ya 100,000, nyingine zikiwa bado hazijasafishwa, mpaka mali yake ilipouzwa kwa mnada mwaka 2007 kwa sababu ya kodi ya ghala ambayo haikulipwa. Alifariki mwaka 2009, kabla ulimwengu haujalitaja jina lake. Inawezekana kwamba alipenda upweke wake, na hilo ni la kuheshimiwa. Ila fundisho linalobaki kwa wengine ni kwamba asiyejitambulisha huwaachia watu wa baadaye kazi ya kumbuni, na mtu anayebuniwa na wengine hana nafasi ya kuwasahihisha.

Ikikubaliwa kwamba kujitambulisha kuna faida, linafuata swali la nini kisemwe. Mazoea ya wengi wanaojiunga na kundi la wapiga picha ni kutaja jina, kisha mara moja kuorodhesha vifaa: aina ya kamera, lenzi za milimita kadhaa, stendi ya miguu mitatu na programu ya kuhariria. Orodha hiyo si dhambi, kwa kuwa wenzake huenda wakahitaji kuijua ili wampe ushauri unaolingana na uwezo wake, lakini ikisimama peke yake haimtambulishi mtu bali inalitambulisha duka. Zaidi ya hayo, humtia soni yule mwenye simu tu, akaona kwamba hana cha kusema mbele ya wenye mizigo mikubwa. Inafaa ikumbukwe kwamba Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, ambaye picha zake za filamu za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu Oktoba 1984, alianza akiwa mvulana wa shule na kamera ya sanduku ya Box Brownie. Kodak ilipoanza kuuza Brownie mwaka 1900 bei yake ilikuwa dola moja, na karibu hapakuwa na kitu cha kurekebisha ndani yake. Mwenye kuitumia alilazimika kusogea, kusubiri na kuchagua mwanga, na hizo ndizo nyenzo ambazo mpaka leo haziuzwi dukani.

Kitu cha kwanza kinachofaa kutajwa, kwa hiyo, ni mwanga wa mahali anapotoka mtu. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa katika nchi za kaskazini, navyo humfundisha msomaji kuitafuta ile iitwayo saa ya dhahabu, yaani kipindi cha baada ya jua kuchomoza na kabla halijatua ambapo mwanga huwa wa manjano na laini, jua likiwa bado halijavuka takriban digrii sita juu ya upeo wa macho. Mjini London mwezi wa Juni, kipindi hicho hukaribia kweli saa nzima, kwa sababu jua hupanda kimshazari. Pioneer iko karibu sana na ikweta, ambako jua hupanda moja kwa moja kama ndoo inayovutwa kisimani, likikwea digrii moja kila baada ya dakika nne hivi. Kwa hiyo saa ya dhahabu ya Eldoret haifiki nusu saa. Mkazi wa Pioneer anayejitambulisha kwa kusema kwamba anajifunza kufanya kazi ndani ya dakika hizo 25, wakati wanariadha wanapita kwenye barabara ya vumbi na mama mboga anafunua nyanya zake, amewaambia wenzake jambo ambalo kitabu cha London hakikumwambia.

Mwinuko nao una neno lake. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana hupiga kwa ukali kutoka utosini, hasa karibu na Machi na Septemba, likitia kivuli kizito ndani ya mashimo ya macho na chini ya pua. Wapiga picha wa nyanda hizi wamejifunza kumwondoa mtu juani na kumketisha barazani, uso ukielekezwa nje, ili mwanga unaorudi kutoka ardhini na kwenye kuta za majirani umfikie kwa upole. Halafu katika miezi ya mvua mawingu hujikusanya alasiri, na mara nyingi huja dakika chache kabla ya manyunyu ambapo anga lote hugeuka taa moja kubwa isiyo na kivuli. Maarifa ya aina hii hayaonekani kuwa maarifa kwa aliyekulia ndani yake, kwa kuwa samaki haulizwi habari za maji. Ni pale tu anapotakiwa kujieleza kwa wageni ndipo anapogundua kwamba anayo.

Rangi ya ngozi ni eneo lingine ambalo sauti kutoka mahali kama Pioneer inahitajika. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu za rangi zilirekebisha mitambo kwa kutumia kadi za mfano zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na rangi zikapimwa kwa ngozi yake, jambo lililofanya nyuso nyeusi zitoke zikiwa zimezama gizani au zimepoteza tofauti zake. Kamera za leo zimeboreka, lakini kipimamwanga chake, yaani sehemu inayokadiria ni mwanga kiasi gani uingie, bado hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani ni cha kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera hulifuata lile eneo jeupe, hupunguza mwanga, na uso ukafifia. Mpiga picha asiyejua sababu hudhani kosa ni la simu yake au, vibaya zaidi, la uso wenyewe. Mwenyeji anayewaeleza wenzake jinsi anavyopima mwanga usoni badala ya ukutani anasahihisha kosa la kizazi kizima kwa sentensi moja.

Kitu cha pili kinachofaa kuambatana na hodi ni picha moja, moja tu, iliyoelezwa kwa ukweli. Chukuliwe mfano wa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin yanayohifadhiwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake husuguliwa kwa makaa ili maziwa yapate ladha, na yanapomiminwa huwa na weupe wenye rangi ya buluu ya kijivu na chembechembe nyeusi. Kibuyu hicho kikiwekwa mezani kando ya dirisha, maziwa yakiwa yameshamiminwa kikombeni, mpiga picha hukabiliwa na mtihani halisi, kwa sababu kibuyu ni cheusi na kinang'aa kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi, ilhali maziwa ni meupe. Kamera ikifuata kibuyu, maziwa hugeuka doa jeupe lisilo na chembe hata moja. Ikifuata maziwa, kibuyu hupotea. Mpiga picha huenda akafungua tundu la lenzi, ambalo ni mlango wa mwanga, akaweka kasi ya shata, ambayo ni muda mlango huo unapobaki wazi, kwenye sehemu moja ya 60 ya sekunde, kisha akasimamisha karatasi nyeupe upande wa pili wa meza ili irudishe mwanga kidogo ubavuni mwa kibuyu. Picha hiyo ikipelekwa kwa wenzake pamoja na maelezo hayo, na pamoja na kukiri kwamba sehemu ya chini ya kibuyu bado imezama, inamtambulisha mtu kwa ukamilifu: alikotoka, anachokithamini, alichojaribu na alipokwama.

Kukiri kukwama ndicho kitu cha tatu, na kwa wengi ndicho kigumu. Kuuliza si ujinga, lakini mtu mzima mwenye cheo kazini kwake huona tabu kujiweka katika nafasi ya mwanafunzi mbele ya vijana wanaomzidi ujuzi wa kamera. Hata hivyo, swali lililo wazi humsaidia zaidi kuliko ombi la jumla, kwa sababu aliyesema tu kwamba anataka ushauri huwaacha wenzake wakipapasa, ilhali aliyeuliza namna ya kumpiga picha mwanariadha anayekimbia alfajiri bila miguu yake kugeuka ukungu huwapa kitu cha kushika, nao wanaweza kumjibu kwamba apandishe kasi ya shata hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, aongeze uhisi wa mwanga wa kamera na akubali punje chache katika picha.

Hodi hudai karibu. Wenyeji wa kundi wana wajibu ambao hautajwi mara nyingi, nao ni wa kuitazama kweli picha ya mgeni kabla ya kuisemea. Neno zuri lililotupwa haraka, kama vile kusema picha ni kali au ni moto, humfurahisha mtu kwa dakika moja na kumwacha alipokuwa. Kejeli nayo humrudisha nyumbani asionekane tena. Jibu lenye heshima hueleza jicho la mtazamaji lilianza kutua wapi, likaelekea wapi na likakwazwa na nini, kisha hupendekeza jambo moja la kujaribiwa. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba ujio wa mgeni huwa na dawa kwa mwenyeji pia, na katika upigaji picha dawa hiyo ni kwamba anayelazimika kueleza kwa nini picha ya mwenzake imefaulu au imeshindwa hurudi kwenye zake akiwa na macho mapya.

Kuna hodi nyingine inayotangulia hii yote, nayo ni ile inayobishwa kwa mtu anayepigwa picha. Mama mboga, kinyozi, mwendesha bodaboda na mtoto anayecheza na tairi si mandhari, bali ni majirani wenye haki juu ya sura zao. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakusanya ndani yake taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, picha ikiwamo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani kikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria hiyo inamwachia mtu nafasi katika mambo yake binafsi na ya nyumbani, lakini picha inayotolewa nje ya nyumba na kuwekwa mbele ya umma si ya nyumbani tena. Juu ya sheria kuna utu: anayejitaja jina kwa mama mboga, akamweleza picha ni ya nini, akamwonyesha aliyoipiga na siku nyingine akamletea nakala iliyochapishwa, hupata uso uliotulia ambao hakuna anayeuiba kwa mbali anayeweza kuupata. Si jambo la bahati kwamba neno ridhaa linahudumu pande zote mbili, kwa mpiga picha anayefanya kazi kwa ridhaa yake na kwa mpigwa picha anayetoa ridhaa yake.

Kutokana na hayo yote, hukumu inayofaa kutolewa ni kwamba upigaji picha wa ridhaa haupungukiwi na vifaa katika mitaa kama Pioneer, kwa kuwa simu zimejaa mifukoni, bali unapungukiwa na watu wanaosema wao ni nani kwa uwazi unaoweza kujibiwa. Yeyote anayesikiliza mazungumzo haya akiwa na picha alizozificha kwenye simu kwa kuona haya anaombwa achague moja jioni ya leo, aandike chini yake jina lake, mahali, tarehe, mwanga aliouona na jambo moja lililomshinda, kisha aipeleke kwa wapiga picha wenzake. Na anayeipokea anaombwa aitazame kwa makini kabla ya kuitika karibu.